Usilichome Biwi: Mbolea Imo Uani Mwako

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, nyua za Kisauni, Likoni na Changamwe hufagiwa. Majani ya mwembe, vijiti, maganda ya ndizi, chicha ya jana na makumbi mawili matatu husukumwa kwa ufagio wa chelewa mpaka pembeni, yakawa biwi. Jioni biwi hutiwa kiberiti. Moshi huingia nyumbani, watoto hukohoa, na asubuhi ya pili hapana kitu ila jivu, nalo hupeperushwa na upepo. Kazi hiyo twaiita usafi, na kweli ua husafika. Lakini mkulima aliyelichoma biwi lake ameiteketeza mbolea ya bustani yake kwa mkono wake mwenyewe, kisha wiki ya pili huchukua fedha akaenda dukani kununua mbolea nyingine.

Na fedha hizo si kidogo. Mwaka 2022 gunia moja la kilo 50 la mbolea ya viwandani lilipita shilingi 6,000 madukani, mpaka Serikali ikatoa ruzuku na kuliteremsha kufikia shilingi 3,500, na mwaka 2023 shilingi 2,500. Ruzuku ni msaada mkubwa, wala hatusemi mbolea ya viwandani haifai. Tunasema kwamba katika mchanga wa pwani mbolea hiyo ikitiwa peke yake huteremka na mvua hata ikapita chini ya mizizi, na fedha za mkulima zikateremka nayo. Kinachoizuia isipotee ni mboji. Na mboji haiuzwi kwa ruzuku wala bila ruzuku mahali ambapo watu huichoma kila jioni. Makala haya yaeleza namna ya kuitengeneza nyumbani, kwa vitu vya nyumbani.

ARDHI YETU ILIVYO

Ardhi ya bara ya Mombasa si ya namna moja. Karibu na bahari, kama vile Bamburi na sehemu nyingi za Likoni, pana mwamba wa matumbawe, na udongo juu yake ni mwembamba. Jembe likipigwa mara mbili hulia juu ya jiwe. Ukiacha mwamba, huko ndani ya Kisauni, wakuta mchanga mwekundu na mweupe, rahisi kulima lakini haushiki maji wala chakula cha mmea. Ukivuka kwenda Changamwe na Miritini, wakuta udongo mzito wa mfinyanzi, ambao wakati wa mvua hushika miguu na wakati wa jua hupasuka nyufa. Wakulima wa skimu za Mtwapa, Shimba Hills, Gede na Magarini watatambua ardhi zao katika hizi, au mchanganyiko wake.

Ardhi hizi zote zina upungufu mmoja, nao ni mboji. Sababu yake ni joto letu. Katika nchi za baridi majani yaliyoanguka huoza polepole, na mboji hukaa ardhini miaka mingi. Hapa kwetu joto na unyevu huwafanya vidudu vya udongo kula upesi mno, hata shamba lililofyekwa likaachwa tupu juani hupoteza mboji yake katika misimu michache. Basi mkulima wa pwani hawezi kutia mboji mara moja akastarehe. Ni lazima airudishe kila mwaka, kama mtu atiavyo maji mtungini.

Mboji ikiwamo, mchanga hushika maji kama sifongo, na mfinyanzi hulegea ukapitisha hewa. Dawa ni moja, nayo yafaa kwa magonjwa mawili yasiyofanana.

FUNZO LA JONGOO WA BAMBURI

Asiyeamini kwamba takataka za majani zaweza kuumba udongo, na aende Bamburi akatazame kwa macho yake. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954. Matumbawe yalichimbwa ili yasagwe, na palipochimbwa pakabaki shimo kubwa la mwamba mtupu mweupe, halina udongo wala kivuli, na maji yaliyo chini yake yana chumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, Bwana René Haller, akaanza kupanda miti mle. Alijaribu miti ya namna 26. Iliyovumilia ilikuwa mitatu tu, na mmoja katika hiyo ni mvinje, ule ule tunaoukata nguzo za kujengea.

Mivinje ilikua, ikaangusha majani yake membamba kama sindano, yakatanda chini kama mkeka. Hapo pakawa na shida nyingine: majani yale hayakuoza, kwa kuwa ni makavu na makali. Yalikaa tu. Ndipo wakaletwa jongoo, wale wakubwa wenye miguu myekundu ambao watoto wetu huwachezea kwa vijiti wakati wa mvua. Jongoo walikula majani ya mvinje, na katika kinyesi chao vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho viliimaliza kazi. Mwamba ukapata mboji, mboji ikapokea mbegu za miti mingine, na leo pale ni msitu, nao huitwa Haller Park. Watu hulipa kiingilio wakatazame viboko na twiga mahali ambapo zamani hapakuwa na hata jani.

Mkulima ajiulize: ikiwa mwamba mtupu uliweza kurudishiwa uhai kwa majani na jongoo, je, shamba langu lenye angaa futi moja ya mchanga litashindwaje? Basi usimwue jongoo uani. Haumi. Hutoa maji machungu yanayotia doa na kuwasha macho, kwa hiyo watoto wamwache, na aliyemshika anawe mikono. Lakini jongoo ni kibarua asiyedai mshahara.

VITU VYA KUKUSANYA

Vitu vya mboji ni vya namna mbili, vikavu na vibichi. Vikavu ni majani ya mwembe na mkorosho yaliyoanguka, mabua ya mahindi, nyasi kavu, makuti ya zamani yaliyokatwakatwa na maranda ya seremala ambayo hayana rangi wala dawa. Vibichi ni maganda ya ndizi na mihogo, majani ya mboga, magugu yasiyo na mbegu, majani ya kunde baada ya kuvuna, na matawi mabichi ya mlusina au ya mwarubaini, ambao wengine huuita mkilifi. Juu ya hivyo hutakiwa samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku.

Sababu ya kuchanganya ni hii. Vidudu vinavyoozesha takataka huhitaji vyakula viwili kama sisi. Vikavu ni kama ugali, huvipa nguvu ya kazi. Vibichi na samadi ni kama maharagwe, hujenga miili yao. Ukiweka vikavu peke yake, lundo litakaa mwaka mzima bila kuoza. Ukiweka vibichi peke yake, litanuka na kujaa nzi.

Makumbi ya nazi yana kazi yake, lakini si ndani ya lundo, maana ni magumu na huchelewa mno kuoza. Yaweke chini ya shimo la kupandia mnazi au mgomba, hapo yatashika maji wakati wa kiangazi. Chicha ni nzuri sana, ila ifukie katikati ya lundo. Ukiiacha juu utawaalika panya na siafu. Matumbo ya samaki vile vile yazikwe chini kabisa kwenye shina la mgomba, wala yasitiwe katika lundo, paka wa mtaa mzima wasije wakalifukua. Mwani uliotupwa ufukweni wafaa, lakini kwanza utandazwe nje mvua iuoshe chumvi.

Jivu latakiwa uangalifu. Vitabu vingi vya kilimo vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za juu, ambako udongo una uchachu, hushauri kutia jivu jingi au chokaa. Sisi wa matumbawe tuna chokaa tayari chini ya miguu yetu. Gao moja la jivu la jikoni kila tabaka latosha, na aliye juu ya mwamba anaweza kuliacha kabisa.

VITU VYA KUKATAA

Nyama, mifupa na mafuta ya kupikia visitiwe. Kinyesi cha mbwa na paka kisitiwe, maana kina minyoo na vidudu vya maradhi. Mnyanya ulionyauka ghafla ungali kijani una maradhi ya udongo. Ung'oe, uuchome mbali, wala usiutie katika mboji ukayapanda maradhi shamba zima. Ndago nayo ni adui mjanja, kwa kuwa vijinundu vyake huvumilia. Ianikwe juu ya jiwe mpaka ikauke kabisa, au ichomwe. Kwa hayo machache moto una haki yake.

Plastiki, chupa, mabati na betri visikaribie lundo. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku katika Kenya, na hiyo imetupunguzia kazi. Tena sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka yamtaka kila mwenye nyumba atenge taka zinazooza na zisizooza. Kwa hiyo anayetengeneza mboji anatimiza sheria na kujinufaisha kwa kazi moja. Weka ndoo mbili jikoni, na watoto wafundishwe ipi ni ya nini. Watajifunza kabla ya wakubwa. Makopo matupu yatobolewe au yafunikwe, yasishike maji ya mvua. Mbu aletaye chikungunya na dengi huzaa katika maji machache kama hayo, na Mombasa haijasahau chikungunya ya mwaka 2017 na 2018, iliyowaacha watu wakishindwa kunyoosha viungo.

Neno jingine kwa walio karibu na soko la Kongowea. Majani ya kabichi na mabaki ya matunda ya pale ni mali, lakini yachambueni nyuzi na plastiki kabla ya kuyachukua. Na mtu asidanganyike kuchota udongo mweusi kutoka majaa ya zamani ya mji. Ni mweusi kweli, lakini umechanganyika na vigae vya chupa, vyuma na sumu za betri ambazo haziozi, na mchicha hupandisha baadhi ya sumu hizo mpaka sahanini.

SHIMO AU LUNDO?

Wengi huuliza lipi bora, kuchimba shimo au kujenga lundo juu ya ardhi. Jibu hutegemea mahali na majira. Wakati wa kiangazi, katika mchanga, shimo ni bora kwa sababu hulinda unyevu. Wakati wa mvua, lundo ni bora kwa sababu maji hukimbia. Juu ya mwamba shimo halichimbiki, basi ni lundo tu. Katika mfinyanzi wa Changamwe shimo ni la kiangazi peke yake.

Hili la mwisho nalijua kwa gharama yangu. Nilipoanza, nilichimba shimo la futi tatu nyuma ya nyumba huko Changamwe, kwa vipimo vilivyo sawa kabisa na kitabu. Ilikuwa mwezi wa Aprili. Mvua ya mwaka ilipokaza, shimo likajaa, na maganda ya ndizi yakaelea juu. Mama mmoja wa jirani akachungulia ukutani akaniuliza, "Mwanangu, hicho ni kisima?" Nikamjibu, "La, mama, natengeneza mbolea." Akanitazama kwa huruma, akasema, "Basi mbolea yako yaogelea." Maji yale yalinuka wiki tatu, na watu wa nyumbani mwangu hawakunisemesha kwa furaha siku zote hizo. Takataka zikikosa hewa hazigeuki mboji, huvunda. Mwaka uliofuata nilijenga lundo juu ya ardhi, nikalizungushia mfereji mdogo, na yule yule mama akaja kuomba debe mbili za mboji kwa ajili ya mabenda yake.

NAMNA YA KULIPANGA

Namna hii ya kupanga kwa matabaka ina historia. Huko Indore katika Uhindi, mtaalamu wa Kiingereza Albert Howard alifanya kazi tangu mwaka 1924 hadi 1931, akijifunza pia kutokana na desturi za wakulima wa nchi za mashariki, ambao tangu kale hawakutupa kitu. Njia aliyoipanga ikaitwa kwa jina la mji ule, na katika miaka ya 1930 mashamba ya kahawa ya Kenya yakaifuata. Kwa ua wa kawaida, kipimo cha mita moja kwenda mbele, mita moja upana na mita moja kwenda juu chatosha. Likiwa dogo kuliko hivyo, lundo halishiki joto.

Hesabu yake ni rahisi. Kusanya madebe 30 ya vitu vikavu, madebe 15 ya vibichi, na madebe saba na nusu ya samadi. Vikavu vyaweza kukusanywa wiki nyingi kabla, vikawekwa kivulini katika magunia. Siku ya kujenga, fanya hivi:

Kwanza, chagua mahali penye kivuli, palipo mbali na kisima na ukuta wa nyumba. Lima kidogo chini, kisha panga vijiti vinene kama kidole gumba, kimo cha shubiri moja, ili hewa ipite.

Pili, simamisha mti mrefu katikati. Baadaye utaung'oa, na tundu lake litakuwa dirisha la hewa.

Tatu, tandaza madebe 10 ya vitu vikavu vilivyokatwakatwa kwa panga. Nyunyiza maji. Juu yake tandaza madebe matano ya vitu vibichi, kisha madebe mawili na nusu ya samadi, na gao mbili tatu za udongo wa juu wa shambani, ambao ndio wenye vidudu vya kuanzisha kazi. Nyunyiza tena.

Nne, rudia vivyo hivyo mpaka jumla itimie mara tatu. Lundo litafika kimo cha mita moja na kidogo.

Tano, funika kwa makuti au majani ya mgomba. Kifuniko huzuia jua lisikaushe na mvua isioshe.

Maji ya kunyunyizia si lazima yawe ya mfereji. Maji yaliyooshea mboga, mchele na samaki yafaa yote. Ya kufulia yenye dawa ya kung'arishia nguo hayafai. Kupima unyevu, chukua konzi moja ukaikamue: ikidondosha matone mawili matatu, ni sawa; ikitiririka, maji yamezidi; isipolowesha kiganja, yamepungua.

Ukisha, choma kijiti kirefu mpaka katikati ya lundo. Baada ya siku nne kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto hata huwezi kukishika sana, furahi, kwa maana kazi inaendelea. Joto la ndani laweza kufika digrii 60, nalo huua mbegu nyingi za magugu na vidudu vingi vya maradhi. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Kikiwa baridi na chanuka, lundo halina hewa, lipindue na uongeze vikavu. Kijiti hicho ndicho daktari wa lundo, na hakihitaji kulipwa.

ADUI ALIYE NDANI YA LUNDO

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo vitabu vya nchi za juu havilitaji, na ambalo laweza kumfanya mkulima wa pwani aijutie mboji yake. Ni chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, adui wa mnazi.

Chonga mkubwa hutoboa moyo wa mnazi na kula majani machanga yangali yamejikunja. Kuti likifunguka huonekana limekatwa kama kwa mkasi. Mnazi mkubwa huvumilia, lakini mche waweza kufa, na mche uliokufa ni miaka mitano sita ya kungoja iliyopotea. Je, chonga huzaliwa wapi? Hutaga mayai katika magogo ya minazi yanayooza, katika chungu za samadi, na katika malundo ya mboji yaliyosahauliwa. Mtoto wake ni funza mnene, mweupe, mwenye kichwa cha rangi ya kahawia, aliyejikunja kama ndoana, naye hukaa humo miezi akila na kunenepa.

Kwa hiyo mkulima mwenye minazi akijenga lundo kisha akaliacha, hakutengeneza mboji tu. Amejenga na nyumba ya kulelea adui zake, tena karibu na miche aliyoipanda kwa matumaini. Wako watu ambao kwa sababu hii husema mboji haifai pwani. Hiyo si kweli. Lundo lenye joto, linalopinduliwa, halimfai chonga. Linalomfaa ni lile lililopoa na kuachwa.

Basi sheria ni hii, na isivunjwe: pindua lundo kila baada ya wiki tatu, ya nje yaende ndani na ya ndani yaje nje. Unapopindua, wafungulie kuku. Kuku hawahitaji kufundishwa. Watachambua funza mmoja mmoja, na mayai yao yataongezeka. Asiye na kuku aokote mwenyewe awaponde. Mboji ikiwa tayari, itumie yote katika msimu ule ule, usiiweke akiba ya mwaka. Na gogo la mnazi ulioanguka lisiachwe likioza shambani. Lipasuliwe, lichomwe, au litumiwe. Tena zungumza na jirani yako, maana chonga ana mabawa, na mpaka wa shamba haumhusu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KUITUMIA MBOJI

Baada ya miezi mitatu hivi, ukiwa umepindua mara tatu, lundo litakuwa limepungua hata chini ya nusu. Mboji iliyoiva ni nyeusi, yavunjika mkononi, na harufu yake ni ya ardhi baada ya mvua ya kwanza. Ikiwa una shaka, ijaze katika kopo, upande mbegu kumi za mchicha au kunde. Zikiota vizuri, imeiva. Zikiungua au zikidumaa, ngoja wiki mbili tatu.

Lundo la madebe 50 hutoa kiasi cha madebe 20. Tandaza madebe 10 katika tuta la mita 10 kwa mita moja, nawe utakuwa umelifunika kwa kimo cha sentimita mbili; changanya na udongo wa juu kwa jembe. Basi lundo moja lalisha matuta mawili ya namna hiyo, na matuta mawili yaliyotunzwa yana nafasi ya mchicha, mnavu, kunde za majani, mabenda na biringani za jikoni. Kwa nyanya na pilipili, tia konzi mbili katika kila shimo. Katika mchanga, fanya matuta ya kuzama kidogo ili maji yakusanyike. Katika mfinyanzi, fanya ya kuinuka ili maji yakimbie. Kisha funika udongo kwa nyasi kavu, jua lisiumeze unyevu.

Asiye na ua mkubwa, kama wengi wa Likoni na Changamwe, atumie gunia. Weka makumbi chini, simamisha nguzo ya mawe madogo katikati, na kuizunguka ujaze udongo sehemu mbili na mboji sehemu moja. Toboa matundu ubavuni upande mchicha au sukuma wiki, na juu upande nyanya. Maji ya kunywesha yamwagwe juu ya mawe, yatashuka na kuenea ndani yote. Gunia moja halitamtajirisha mtu, lakini huondoa kisingizio cha kukosa shamba.

MAJIRA YA KUANZA

Mvua ya mwaka huanza kwetu mwezi wa Aprili, na vuli huja tangu Oktoba. Mboji hutaka miezi mitatu. Basi anayetaka mbolea ya mwaka aanze mwanzo wa Januari, wakati wa kaskazi, katika shimo ikiwa ardhi yake ni mchanga. Na anayetaka mbolea ya vuli aanze mwanzo wa Julai, wakati wa kusi, katika lundo la juu. Siku ya kujenga na siku za kupindua ziandikwe katika daftari au kwenye kalenda ya ukutani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na lundo bila tarehe humwalika chonga.

Mwenye shida asione haya kumwendea Bwana Shamba wa wadi yake, au ofisi ya kilimo ya kaunti. Aende na konzi ya mboji yake katika karatasi. Swali likiwa na kitu cha kushikwa mkononi hujibika upesi.

Na kesho asubuhi, ua ukisha kufagiwa, biwi lifanyweje? Lichukuliwe kwa karai mpaka kivulini, litiwe katika gunia la vikavu, na kiberiti kirudishwe jikoni kwenye kazi yake ya kuwasha moto wa chai. Hilo gunia la kwanza ni debe mbili tatu tu katika thelathini zinazotakiwa. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na ua hufagiwa kila siku.